Mwongozo wa kuanza michezo ya masimulizi mtandaoni

JIONI inapoingia katika milima ya Mbooni na wachuuzi wa soko la Kikima wakaanza kufunga vibanda, kijana aliyemaliza kidato cha nne hubaki na saa tatu au nne zisizo na kazi maalumu. Nyingi huishia kwenye video fupi za simu. Nyingine, kwa masikitiko ya wazazi, huishia katika kubashiri mechi za kandanda kwa pesa ambazo hazipo.

Makala haya yanamweleza msomaji mchezo mwingine unaoweza kuchezwa kwa simu hiyo hiyo, kwa gharama ndogo, na ambao humtaka mchezaji aseme, asikilize, ahesabu na abuni. Ni mchezo wa masimulizi ya mezani, ambao sasa huchezwa pia mtandaoni na watu ambao huenda hawajawahi kuonana ana kwa ana.

Anayeanza hudhani kikwazo chake ni vifaa: kompyuta, vitabu vya bei ghali na intaneti ya kasi. Sivyo. Kazi kubwa ni kupata watu watatu au wanne wanaoaminiana, kisha kukubaliana jinsi ya kucheza. Ndiyo maana mwongozo huu unatanguliza watu, na programu zinafuata baadaye.

Mchezo huu ni nini?

Tofauti na drafti, bao au ludo, mchezo wa masimulizi hauna ubao wa lazima wala mshindi. Watu wanne hadi sita hukaa pamoja na kubuni kisa kimoja ambacho hakuna hata mmoja wao anayejua mwisho wake.

Mmoja huwa mwelekezi. Yeye ndiye huchora mandhari kwa maneno, huwapa sauti wahusika wadogo na huamua ni lini dadu zitupwe. Kila mmoja wa wengine humiliki mhusika mmoja, humsemea na kumfanyia maamuzi.

Mwelekezi hueleza hali na kuuliza: 'Mtafanya nini?' Wachezaji hujibu. Jibu lisilo na hatari hutokea tu kama lilivyosemwa. Lakini pale ambapo jambo laweza kufaulu au kuharibika, dadu huamua, na mwelekezi huendeleza kisa kutoka hapo.

Kisa kimoja chaweza kumalizika katika kikao kimoja cha saa tatu. Kingine chaweza kuendelea kila wiki kwa miezi, hata miaka, wahusika wakikomaa na kukumbuka madeni na maadui wao wa zamani.

Chimbuko lake

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa kibiashara ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa mwaka wa 1974. Chapa ya kwanza ilikuwa nakala 1,000.

Wawili hao walitoka katika vikundi vya watu waliocheza michezo ya vita kwa sanamu ndogo za askari. Badiliko kubwa lilikuwa hili: badala ya mchezaji kuongoza jeshi zima, alipewa mtu mmoja tu mwenye jina, nguvu na udhaifu wake.

Kampuni ya Wizards of the Coast iliununua mchezo huo mwaka wa 1997, nayo ikanunuliwa na kampuni ya vitu vya michezo ya Hasbro mwaka wa 1999. Michezo mingine mingi imetungwa tangu hapo, ikiwemo ya safari za anga, ya upelelezi na ya vitisho.

Safari ya mtandaoni nayo si ya jana. Programu ya Fantasy Grounds ilitolewa mwaka wa 2004, na Roll20 ikaanza mwaka wa 2012. Janga la Covid-19 lilipowafungia watu majumbani mwaka wa 2020, vikundi vingi vilivyozoea kukutana ana kwa ana vililazimika kuhamia huko.

Si jambo geni Ukambani

Msomaji wa Kikima asidhani kuwa haya yote ni ya kigeni. Kabla ya redio na runinga, jioni za Ukambani zilikuwa za hadithi na vitendawili. Mzee alisimulia, watoto wakaitikia, na msimulizi hodari alibadilisha sauti kulingana na mhusika: sungura mjanja, fisi mlafi au zimwi.

Marehemu Profesa John Mbiti, msomi wa dini aliyezaliwa Kitui mwaka wa 1931, alikusanya masimulizi hayo na kuyachapisha mwaka wa 1966 katika kitabu kiitwacho Akamba Stories. Jina lake lenyewe, Mbiti, ni fisi kwa Kikamba.

Mchezo wa masimulizi huongeza mambo mawili juu ya jioni hizo. Kwanza, msikilizaji hasubiri kuambiwa sungura alifanya nini, bali huulizwa angependa sungura afanye nini. Pili, dadu huzuia msimulizi kuwapendelea au kuwaonea wahusika.

Aliyekulia katika mitego ya vitendawili, au aliyepanda jukwaani katika tamasha za drama za shule, tayari ana nusu ya ujuzi unaohitajika.

Anza na watu unaowajua

Ushauri wa kwanza kwa anayeanza ni huu: usikimbilie meza ya wageni. Tafuta watu watatu unaowajua, wakiwemo ndugu, wanakwaya wenzako au marafiki wa shule waliotawanyika Wote, Machakos na Nairobi.

Faida ni nyingi. Mnaelewana mizaha, mwaweza kucheza kwa Kiswahili au Kikamba, na hakuna atakayecheka mtu akikosea kanuni. Isitoshe, mwenzenu anaponyamaza ghafla, mtajua kama mtandao umepotea au ameumizwa na jambo lililosemwa.

Kabla ya kisa kuanza, fanyeni kikao cha maandalizi ambacho hakina mchezo wowote. Kubalianeni siku na saa, muda wa kikao, lugha mtakayotumia, aina ya kisa mnachotaka na mambo ambayo hayataguswa kabisa. Kikao hiki huonekana kama kupoteza wakati, ila ndicho huokoa vikundi vingi visivunjike.

Mwelekezi wa kwanza si lazima awe mjuzi. Inatosha awe mtu mwenye subira, anayependa kuuliza maswali kuliko kuhutubu.

Kuchagua kanuni

Kosa la kawaida ni kuanza na kitabu kinene zaidi. Kanuni za Dungeons & Dragons ni nyingi na huhitaji dadu za aina kadhaa, ikiwemo ya pande 20. Hata hivyo, anayezitaka hana haja ya kununua kitabu mara moja. Mwezi Januari 2023, kampuni husika iliachilia kanuni za msingi za toleo la tano chini ya leseni huria ya Creative Commons, na nakala mpya ya kanuni hizo ikafuata mwaka wa 2025. Mtu yeyote anaruhusiwa kuzipakua, kuzinakili na hata kuzitafsiri, mradi atambue chanzo.

Kwa kikundi kinachotaka kujaribu jioni moja tu, upo mchezo wa Lasers & Feelings wa John Harper, ambao kanuni zake zote hutosha katika ukurasa mmoja na hutolewa bure.

Kwa aliyekosa wenzake kabisa, mchezo wa Ironsworn wa Shawn Tomkin, uliotolewa mwaka wa 2018, hupatikana bila malipo na waweza kuchezwa na mtu mmoja peke yake. Humfundisha anayeanza jinsi ya kuuliza maswali na kuendeleza kisa kabla hajakutana na wengine.

Kanuni hizi zimeandikwa kwa Kiingereza. Kikundi kinachocheza kwa Kiswahili kitafanya vyema kuandika orodha yake fupi ya maneno na kuishikilia: mwelekezi, mhusika, kikao, sifa, jeraha. Lugha ikieleweka na wote, hoja nyingi huisha zenyewe.

Kanuni fupi za kuanzia

Hapa tunampa msomaji kanuni chache anazoweza kuzitumia leo kwa dadu mbili za ludo. Zinafuata mtindo uliopata umaarufu kupitia mchezo wa Apocalypse World, uliotungwa na Vincent Baker na Meguey Baker na kutolewa mwaka wa 2010.

Kila mchezaji huchukua nusu ukurasa wa daftari. Aandike jina la mhusika, kazi yake, kitu kimoja anachokitafuta na mtu mmoja anayemhofia. Kisha agawe nyongeza nne kwa sifa nne: Nguvu, Wepesi, Akili na Ulimi. Sifa moja hupata mbili, moja hupata moja, moja hupata sufuri, na ya mwisho hupunguziwa moja.

Jambo la hatari linapojaribiwa, mchezaji hutupa dadu mbili, huzijumlisha na kuongeza sifa inayohusika. Jumla ya 10 au zaidi ni kufaulu. Jumla ya 7 hadi 9 ni kufaulu kwa gharama. Jumla ya 6 au chini ni kushindwa, na hali huwa mbaya zaidi.

Hesabu yake ni rahisi na inafaa kujulikana. Dadu mbili zina michanganyiko 36. Kati ya hiyo, 15 hutoa 6 au chini, 15 hutoa 7 hadi 9, na sita tu hutoa 10 au zaidi. Kwa hivyo, mhusika asiye na nyongeza hushindwa mara 15 katika 36. Mwenye nyongeza ya mbili hushindwa mara sita tu. Mwenye pungufu ya moja hushindwa mara 21.

Hapo ndipo mchezaji hujifunza kumtuma mwenye ulimi mtamu akazungumze na mlinzi, na kumwachia mwenye nguvu kazi ya kusukuma mwamba.

Mfano wa kikao

Kisa si lazima kiwe cha majoka na kasri za Ulaya. Historia ya Ukambani ina mali tele. Katika karne ya 19, misafara ya Wakamba ilibeba pembe za ndovu hadi pwani. Mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, Kivoi, ndiye aliyempokea mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, ambaye Desemba 1849 aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui. Kivoi aliuawa mwaka wa 1851 msafara wake uliposhambuliwa karibu na Mto Tana.

Tuseme wachezaji wetu wanataka kujiunga na msafara huo mwaka wa 1849. Musyoka ni mwelekezi. Kioko anaigiza mwindaji, Ndanu mchuuzi wa shanga, na Mwende mjuzi wa mitishamba. Majina haya ni ya mfano tu.

Musyoka: Mmeteremka kutoka Mbooni. Mbele yenu ni Mto Athi. Mvua imenyesha huko juu, na maji yana rangi ya udongo. Ng'ambo mnaona moshi wa kambi ya msafara unaoelekea kwa Kivoi. Mtafanya nini?

Kioko: Siingii majini kabla ya kujua kuna nini. Nakaa kimya ukingoni, natafuta dalili za mamba.

Musyoka: Tupa dadu, utumie Akili.

Kioko: Nne na tatu, saba. Akili yangu ni moja. Nane.

Musyoka: Umefaulu, lakini kwa gharama. Mamba yupo, amelala mchangani chini kidogo ya kivuko. Ila umechukua muda mrefu. Moshi wa kambi unafifia. Msafara unang'oa nanga.

Ndanu: Basi hatuna wakati. Natoa nyama kavu kwenye mzigo, naitupa kule chini ili mamba aifuate.

Mwende: Ndanu, hicho ndicho chakula chetu cha siku tatu!

Ndanu: Na tukiukosa msafara, tutakula nini mwezi mzima?

Musyoka: Tupa dadu, utumie Wepesi.

Ndanu: Mbili na moja. Wepesi wangu ni sufuri. Tatu.

Musyoka: Nyama imeanguka karibu mno na kivuko. Yule mamba ameamka. Na kuna wa pili ambaye Kioko hakumwona, sasa anaogelea kuja upande wenu. Mwende, wewe ndiwe uliye karibu na maji. Wafanya nini?

Msomaji atambue mambo matatu katika mfano huu. Kwanza, mwelekezi hakusema 'umeshindwa' na kunyamaza. Kila tokeo la dadu lilisukuma kisa mbele. Pili, ubishi wa Mwende na Ndanu haukukatizwa, kwa kuwa ubishi wa wahusika ndio mchezo wenyewe. Tatu, Mwende ambaye hakuwa amepata nafasi aliulizwa kwa jina. Mtandaoni, ambako nyuso hazionekani, mwelekezi asipoita majina, mwoga hatasema neno hadi kikao kiishe.

Vifaa na gharama

Kwa meza ya nyumbani, dadu mbili za ludo, kalamu na daftari vinatosha. Aliyekosa dadu ya pande 20 aandike nambari 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, avikunje, avitie kofiani na kuchomoa kimoja kila mara, kisha akirudishe.

Kwa meza ya mtandaoni, njia ziko tatu, na anayeanza achague kulingana na bando lake.

Njia ya kwanza ni kuandikiana. Kikundi hufungua kundi la WhatsApp, mwelekezi akaandika hali asubuhi na wachezaji wakajibu kila mmoja kwa wakati wake. Kisa huenda polepole, lakini data inayotumika ni kidogo sana na mtu aliye bondeni ambako mtandao huyumba hapotezi chochote. Njia hii pia humfaa mwenye kazi za shamba au biashara mchana.

Njia ya pili ni sauti pekee, kwa simu ya kundi ya WhatsApp au kwa programu ya Discord. Sauti inayopita kwa kasi ya kilobiti 64 kwa sekunde hufikia takriban megabaiti 29 kwa saa kwa upande mmoja. Hata ukijumlisha inayoingia na inayotoka, kikao cha saa tatu hakipiti sana megabaiti 175. Video, kwa upande mwingine, yaweza kumaliza bando la siku kabla wahusika hawajavuka mto. Izimeni.

Njia ya tatu ni meza kamili ya mtandaoni, yenye ramani, sanamu za wahusika na dadu zinazojitupa. Roll20 ina akaunti ya bure na hufunguliwa katika kivinjari cha kawaida, lakini skrini ndogo ya simu huifanya iwe nzito kutumia. Aliye na uwezo wa kufika saiba au kuazima tarakilishi atafurahia zaidi. Owlbear Rodeo ni nyepesi zaidi na hutoa huduma ya msingi bila malipo. Foundry hununuliwa mara moja na mwelekezi pekee, nao wachezaji huingia bure. Hiyo si ya kuanzia.

Ushauri wetu ni kuanza na njia ya kwanza au ya pili. Ramani ya Mto Athi yaweza kuchorwa kwa kalamu, ikapigwa picha na kutumwa.

Kuhusu dadu mtandaoni, kubalianeni mapema: ama kila mtu ajitupie na aaminiwe, ama zitumike dadu za programu zinazoonekana na wote. Njia zote mbili ni halali. Lisilofaa ni kuanza kushukiana katikati ya kisa.

Kujiunga na meza ya wageni

Baada ya vikao vitano au sita vya nyumbani, waweza kutaka kuonja meza ya mbali. Roll20 ina mahali pa kutafutia vikundi, na michezo mingi ina kumbi zake za Discord ambako waelekezi hutangaza nafasi.

Jambo la kwanza kutazama ni saa. Kikao kinachoanza saa mbili usiku New York huwa ni saa kumi alfajiri kwetu wakati wa baridi yao, na saa tisa usiku wakati wa kiangazi chao. Cha saa mbili usiku London huanza saa tano usiku Kikima, au saa nne usiku wakati wa kiangazi chao. Afrika Kusini iko nyuma yetu kwa saa moja tu, na Nigeria kwa saa mbili. Mwanafunzi au mfanyakazi atafute meza za bara hili kwanza. Mchezo unaokunyima usingizi kila wiki utakuchosha hata uwe mtamu namna gani.

Jambo la pili ni malipo. Waelekezi wengine hutoza ada kwa kila mchezaji. Si ulaghai, kwa kuwa ni kazi, lakini anayeanza hana haja nayo. Soma tangazo hadi mwisho, na usitume pesa kwa mtu ambaye hujawahi kucheza naye.

Jambo la tatu ni kujieleza. Ujumbe mfupi wa kweli hufaa kuliko majigambo: wewe ni mgeni katika mchezo, unapatikana siku gani, unatumia simu, na mtandao wako hupotea mara kwa mara. Mwelekezi mwema atajua namna ya kukusaidia. Asiye mwema atakukataa mapema, na hiyo nayo ni faida.

Adabu na usalama

Katika mchezo huu mtu huazima hisia zake. Kisa cha msafara chaweza kumkumbusha mmoja msiba wa nyumbani bila mwelekezi kukusudia. Ndiyo maana vikundi vingi hutumia kadi yenye herufi X, iliyobuniwa na John Stavropoulos. Mchezaji yeyote akiigusa, au akiandika herufi hiyo kwenye kundi, tukio hilo hurukwa papo hapo na haulizwi sababu.

Kanuni nyingine ni za utu wa kawaida. Usimkatize mwenzako. Usimwamulie mhusika asiye wako. Usitumie mhusika kama kisingizio cha kumtukana mtu halisi. Ukichelewa, toa taarifa, kwani watu wengine wanne wanakungoja na bando zao zinaliwa.

Kwa watoto, tahadhari iwe kubwa zaidi. Discord hairuhusu walio chini ya miaka 13. Aliye na zaidi ya hapo lakini bado mtoto acheze na watu ambao mzazi anawajua, mahali ambapo sauti yake inasikika nyumbani.

Asitoe jina kamili, shule anakosoma wala picha. Mtu mzima anayemtaka mtoto wazungumze faraghani, nje ya kundi, ni ishara ya hatari hata kama ni mwelekezi stadi. Mtoto anayehitaji msaada aweza kupiga simu bila malipo kwa nambari 116 ya Childline Kenya. Kadhalika, unyanyasaji mtandaoni ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mitandao ya mwaka wa 2018.

Hofu za wazazi

Mzazi wa Kikima anayesikia mwanawe akitaja mapepo na uchawi kwenye simu ana haki ya kuuliza. Hofu hiyo si yake peke yake. Marekani, katika miaka ya 1980, baadhi ya wazazi na makanisa walidai kuwa Dungeons & Dragons uliwaingiza vijana katika ushirikina na kuwasukuma kujiua. Uchunguzi uliofuata haukuthibitisha madai hayo.

Hapa Kenya, wenye umri wangu wanakumbuka jinsi Rais Daniel arap Moi alivyounda tume mwaka wa 1994 kuchunguza ibada za shetani. Si ajabu basi neno moja geni kutoka chumba cha kijana likazua taharuki.

Dawa ya hofu hiyo ni uwazi. Mwalike mzazi aketi pembeni kikao kimoja. Atakachosikia ni watoto wakibishana kuhusu mamba na nyama kavu. Isitoshe, kikundi ndicho huchagua kisa: wasiotaka uchawi wacheze kisa cha upelelezi, cha safari za biashara au cha timu ya kandanda ya kijiji inayotafuta nauli ya kwenda fainali.

Hofu ya pili ni dadu, ambazo wengi huzihusisha na kamari. Katika mchezo huu hakuna pesa inayowekwa wala kushindaniwa. Kikundi kitakachoanza kuweka dau kimeondoka kwenye mchezo, na kijana akihame mara moja.

Hatua za wiki ya kwanza

Anayetaka kuanza afuate ratiba hii. Siku ya kwanza, wapate watu watatu na mfungue kundi. Siku ya pili, fanyeni kikao cha maandalizi kwa dakika 30. Siku ya tatu, kila mmoja aandike mhusika wake kwenye nusu ukurasa na autume. Siku ya nne, mwelekezi aandike mambo matatu tu: mahali, tatizo na mtu anayeficha jambo. Asiandike mwisho, kwa kuwa mwisho si wake.

Siku ya tano, chezeni kwa saa mbili, si zaidi. Siku ya sita, kila mmoja aseme tukio moja alilolipenda na moja ambalo angependa libadilike. Siku ya saba, amueni kama mtaendelea.

Kikao cha kwanza kitakuwa na ukimya mrefu, sauti zitakazokatika na mtu atakayesahau kuongeza nyongeza yake. Hilo lisiwavunje moyo. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Kufikia kikao cha tatu, yule aliyekuwa akijibu kwa neno moja huenda ndiye atakayeuliza mbona kikao kinaisha mapema, na mamba wa pili bado yuko majini.